Kitenge Kilichokwenda Tabora

Nyumba za Walimu,
Kongwa, Dodoma.
20 Agosti 2024.

Mpendwa dada Debora,

Shikamoo, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kasulu, wewe na wagonjwa wako, ingawa kumtakia muuguzi uzima pamoja na wagonjwa wake ni sala ya ajabu kidogo. Kikohozi kimepona? Na ule mguu ulioteguka? Ulipopiga simu ulisema hauumi tena, lakini mimi sauti yako ya kuficha maumivu naijua tangu tukiwa tunalala kitanda kimoja.

Sisi hatujambo. Baridi ya asubuhi imetuonea mwaka huu, na upepo unatulisha vumbi kutwa. Mama yuko Nkuhungu kwa kaka, magoti yanamsumbua lakini mdomo hauna neno. Anasema magoti yamemwambia mvua itawahi. Mwaka jana yalisema hivyohivyo, na tukapanda mbegu mara mbili. Shemeji yako Filipo namwona Jumapili tu, maana msimu wa mahindi umepamba moto na malori yamejaa sokoni Kibaigwa. Akirudi nyumbani hata mtoto wa jirani akimpakata anamkadiria kilo.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Mtandao wenu unakata maneno, nawe ukisikia nusu ya habari hii utaanza kulia, nusu ya pili nitakuwa nawaeleza nyuki wanaovuma kwenye simu. Kwa hiyo tafuta mahali ukae, usome mpaka chini. Nakutangulizia mambo mawili ili usisome kwa kurukaruka: mwanao Priska ni mzima wa afya, na kile kitenge chako sinacho tena.

Ndiyo, kile ulichonitumia mwezi wa sita, cha bluu chenye mikia ya tausi. Nilikipeleka kwa Naima fundi, akaniambia foleni ni hadi mwisho wa Agosti. Sikutaka kukilaza kabatini, nikawa najitanda hivyohivyo bila kukishona. Walimu wenzangu walikigeuza huku na huku, wakaniuliza kimetoka wapi. Nikawaambia kimevuka ziwa kutoka Kongo, kimepitia mikononi mwa dada yangu. Nilijivuna, dada, sitakuficha.

Sasa nikueleze juu ya wiki iliyopita, wiki ya taaluma. Kila mwaka tunakuwa nayo, lakini ya mwaka huu imetukondesha walimu. Mstarini saa moja kasoro, masomo ya ziada, midahalo, majaribio ya kemia, kumwagilia miti, kupaka chokaa mawe ya njiani ambayo mbuzi wa kijiji huyalamba kabla hayajakauka. Jumatatu wanafunzi wa Kidato cha Pili walitengeneza mfano wa moyo wa binadamu kwa chupa za maji na mipira ya dripu. Walipoubonyeza ukamrushia mwalimu wao rangi nyekundu shati zima, akafundisha vipindi viwili vilivyofuata akiwa anatisha.

Jambo lililotuumiza ni maji. Pampu ya kisima cha shule imekufa tangu Pasaka, na maji tunayafuata kwenye bomba la kijiji, ng'ambo ya korongo. Wavulana wanayabeba kwa baiskeli, wasichana kichwani. Jumatano majaribio ya kemia yalichelewa mpaka jua limepinda, kwa sababu wasichana waliotakiwa kuyafanya ndio waliokwenda kuyachotea maji. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Charles, ameliandika jambo hilo kwenye kila taarifa, na kila anayesoma taarifa anasikitika kwa adabu.

Mimi Jumanne niliwafundisha Kidato cha Nne historia ya misafara. Nikawaeleza jinsi Wanyamwezi walivyopita Ugogo na pembe za ndovu vichwani wakielekea pwani, na jinsi watemi wa babu zetu walivyowazuia njiani mpaka walipie maji na njia. Nikawaambia huenda hata utani wetu na watu wa Tabora una mizizi humo. Darasa lilicheka. Priska aliuliza maswali mengi kuliko wote, akaomba waligeuze somo hilo kuwa igizo la Ijumaa, siku ya kufunga, mbele ya wazazi na mgeni rasmi. Nikakubali. Nilifurahi kuona ule ulimi wake umepata kazi ya halali.

Dada, mkataba wake unaukumbuka. Alipofukuzwa kule mjini kwa kumjibu mwalimu, ni Mwalimu Charles aliyempokea hapa kwa kuniheshimu mimi, na alimwambia mbele yangu, kwa upole ambao uliniogopesha zaidi ya ukali, kwamba shule hii itamvumilia kwa mambo yote ila moja. Neno moja tu la kumvunjia mtu heshima, anarudi nyumbani. Mwaka na nusu mtoto alijitahidi. Nilimwona akiuma midomo mpaka nikamhurumia. Na mtihani wa taifa ni Novemba.

Ijumaa ikafika. Turubai limefungwa, wazazi wamejaa, wengine wametoka mnadani moja kwa moja na fimbo zao. Mgeni rasmi alikuwa Mhandisi Henry, mstaafu wa mambo ya maji, rafiki wa mwenyekiti wa bodi yetu. Alikuja na mkewe, mama mnene mwenye uso wa kucheka, wakaketi meza kuu. Mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mgeni wetu ametoka mbali, ametoka Tabora. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Priska alikuwa nyuma ya pazia na masikio yake yote mawili.

Igizo likaanza vizuri. Wapagazi wakaingia na magunia ya pumba, Priska akiwa mlinzi wa mtemi, ameshika kamba ya kuzuia njia. Ghafla akawaacha wenzake wamesimama na mizigo yao, akatoka jukwaani, akaenda kuinyoosha ile kamba mbele ya meza kuu. Akapiga goti, akamwamkia mgeni kwa Kigogo, mbukwenyi, kwa heshima zote. Halafu akasimama wima.

Alisema, "Nyie wapagazi wa Tabora, babu zenu walipita hapa kwa miguu, wakanywa maji yetu, wakalipa. Wewe umepita na gari, vioo umefunga, hata vumbi letu hukulionja. Sasa umekaa unangoja pilau. Hupiti, na huli, mpaka ukachote ndoo moja bombani uilete hapa kichwani. Mnyamwezi asiye na mzigo ni Mnyamwezi gani?"

Wazee wa Kigogo walianguka kicheko. Kuna mzee aligonga fimbo chini akisema mtoto huyu kazaliwa. Hata mimi nilicheka, dada, mkono mdomoni, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyolelewa, mtani anaambiwa chochote na akinuna ameshindwa.

Lakini Mhandisi hakucheka. Alimwinamia Mwalimu Charles, na kwa bahati mbaya kipaza sauti kilikuwa mbele yake, tukasikia wote. "Mwalimu, mimi si Mnyamwezi. Mimi Mpare wa Same. Tabora nimefanya kazi tu."

Mpare na Mgogo wana utani gani? Hawana. Kwa hiyo maneno yote yale, ya vumbi na pilau na mpagazi, yalikuwa yamemwangukia mzee wa watu asiyehusika, mgeni rasmi, mbele ya kadamnasi, kutoka kinywani mwa binti wa shule. Priska alibaki na kamba mkononi. Nilimwona anavyotafuta uso wangu kwenye umati, na aliponipata niliinamisha macho.

Mwalimu Elisha, wa nidhamu, akasimama. Huyu ametoka Bukoba, hajamaliza mwaka kwetu, mtu mwadilifu ambaye hata kipande cha chaki cha shule hakipeleki nyumbani. Alimshika Priska bega, akamtoa pembeni, na nilisikia akimwambia akafungashe vitu vyake, amngoje ofisini. Kwake yeye lilikuwa tusi, basi. Na kusema kweli, wakati ule lilikuwa tusi kwangu pia.

Ndipo yule mama mnene akainuka. Jina lake Mama Evelina. Alivua viatu vyake vya kisigino, akavipanga chini ya meza, akasema kwa sauti isiyohitaji kipaza, "Mwalimu, mwache mtani wangu. Mnyamwezi ni mimi, mzaliwa wa Tabora mjini. Huyu nimeolewa naye tu. Kamba imewekwa mahali pake, ila imekosea kiti."

Akamwita Priska, akamwambia lete ndoo, na lete mbili. Mumewe akamtazama kwa jicho ambalo kila mke analijua. Yeye akamjibu mbele yetu kwamba mwanamume aliyekula ugali wa Kinyamwezi miaka yote hiyo naye ni mpagazi, wala asilete Upare wake leo. Akasokota mtandio wake ngata, akatangulia. Ilibidi Mhandisi amfuate. Koti aliliacha kwenye kiti.

Nusu ya mkutano tuliwasindikiza. Kushuka korongo walikuwa wanacheka, yaani mama anacheka na mzee anavumilia. Kupanda na maji ndiko kulikokuwa na kazi. Mama Evelina alikwenda nayo kichwani bila kuigusa, akiwatania wazee wa Kigogo njia nzima, kwamba watu gani hawa wanatoza ushuru wa maji wasiyokuwa nayo. Mhandisi aliibeba begani, akaihamishia mkononi, akairudisha begani, akapumzika, akainuka tena. Nyuma yake walikuwa wasichana wa Kidato cha Kwanza na ndoo zao, kwa sababu saa ya zamu yao ilikuwa imefika na hakuna aliyekumbuka kuwaambia leo ni sherehe. Walimpita. Waliomba radhi kwanza, shikamoo babu tunapita, halafu wakampita. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na naona siku ile aliuonja usufi wenyewe.

Aliporudi shati lilikuwa limemganda mwilini. Akapewa kipaza sauti. Alisema, "Nilikuja na hotuba ndefu juu ya wasichana na sayansi. Sina pumzi ya kuisoma." Akakaa. Kabla ya kula akaomba aonyeshwe ile pampu, na pilau likapoa watu wakimngoja mzee aliyepiga magoti kwenye mdomo wa kisima, anachungulia na tochi ya simu.

Nami nilidhani mambo yameisha. Kumbe Mama Evelina alikuwa hajamaliza. Aliponawa mikono alisimama katikati, akauliza mzazi wa yule binti ni nani, maana yeye amebeba maji ya Wagogo na hajalipwa ujira. Nikasema ni mimi, mama yake mdogo. Akanisogelea, akanitazama juu mpaka chini, akavuta kitenge begani mwangu, taratibu, kama anayevua nguo kambani. Akakikunja mara nne, akakikalia.

"Nimelipwa," alisema. "Wote mmeona. Sina neno na mtoto huyu, wala mume wangu hana."

Watu wakapiga vigelegele. Mimi, dada, nilitabasamu kwa meno tu. Mtani akichukua huruhusiwi kudai, hilo nalijua, lakini moyoni niliwaka. Nilikula pilau lile nikiangalia mkia wa tausi ukichungulia chini ya makalio ya mgeni. Walipoondoka jioni alikuwa amejitanda, na kilimpendeza kuliko kilivyonipendeza mimi, jambo ambalo liliniudhi mara mbili.

Jumamosi na Jumapili sikuzifurahia. Mwalimu Elisha alikuwa amemruhusu Priska arudi nyumbani nami, lakini shauri lake aliliweka kikao cha walimu cha Jumatatu, na sikuona njia. Priska hakula. Alisema mara moja tu, "Mama mdogo, nilijua ni Mnyamwezi." Nikamwambia hukujua, ulibahatisha, na utani haubahatishwi, mtu huulizwa kwanza ametoka wapi ndipo ukamchezea. Alilia, nami nilimwacha alie kwa sababu nilichosema kilikuwa kweli. Usiku nilimsikia anakunja sare zake.

Jumatatu tukakaa. Mwalimu Elisha alizungumza bila hasira, na hiyo ilinitisha. Alisema yeye utani wa hapa ameelezwa sasa na anauheshimu, ila mgeni hakuwa mtani wa binti, binti hakuuliza, na shule ilikuwa imemwonya tayari. Kila neno lilikuwa sawa. Nilitaka kumtetea mwanao nikakosa pa kushika. Baadhi ya walimu wakawa wanatazama madirisha.

Akaomba kusema Mwalimu Hasani, wa hisabati, mtu wa Kondoa, ambaye kwenye vikao kwa kawaida husinzia. Akamgeukia Mwalimu Elisha, akamuuliza kwa upole, "Ndugu yangu, kule kwenu mtu akikosewa, akadai fidia mbele ya watu, akapewa, akapokea na kusema nimelipwa, je, mkosaji anaweza kushitakiwa tena kwa kosa lile lile?"

Mwalimu Elisha akafikiri. Ni mtu wa haki, nimekwambia. Akasema, "Hapana. Haiwezekani."

Mwalimu Charles muda wote alikuwa anazungusha kofia ya kalamu. Akaniuliza, "Mwalimu Lea, kitenge chako kiko wapi?"

Nikajibu, "Kiko Tabora, Mkuu."

"Basi kesi hii ilikwisha Ijumaa," akasema, akatuuliza kama kuna mengineyo.

Mwalimu Elisha aliongeza jambo moja, kwamba binti ampigie Mhandisi simu na kumwomba radhi kama binti anavyomwomba radhi mzee, si kama mtani. Nikaona ni haki. Alimpigia jioni ile, amesimama wima sebuleni kama yuko mstarini. Mhandisi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia bega bado linamuuma, akamuuliza akimaliza shule anataka kusoma nini. Sikusikia alijibu nini kwa sababu alitoka nje na simu yangu. Leo asubuhi amekwenda shule. Ndoo kichwani, maana maji bado. Vijana wawili wamekuja kupima kisima, wakaondoka na kipande cha pampu. Hawakuahidi kitu, nami sikuwaambia wanafunzi.

Niliipanga barua hii kukuomba radhi kwa kitenge, halafu nikiwa naandika nimeona si hilo la kuandika. Mwezi wa sita uliniambia kwa simu kwamba unajiona mama wa jina tu, kwamba mwanao analelewa na watu wengine na wewe kazi yako ni kutuma vitambaa. Nilikosa la kukujibu, nikakushukuru kwa kitenge. Sasa ninalo. Ijumaa ile nilikuwa na mdomo, na elimu, na ualimu wa miaka yote hii, na havikumfaa kitu. Aliyedaiwa alikuwa mtoto wako, na kilichomlipia ni chako. Mimi nilikuwa nimekivaa tu.

Nisalimie mabinti unaoishi nao nyumba moja huko, na mpe pole yule jirani yako aliyefiwa. Mama anakusalimu sana, kaka anakusalimu, na Filipo anasema ukija Desemba atakuwekea gunia la mahindi yasiyotoboka. Barua nampa Yotham, jirani yetu anayesafiri kesho na basi la Kigoma. Usimwache aondoke bila chai.

Mungu aliyekuweka mbali nasi akusogeze karibu kwa njia zake, aulinde mguu wako na mikono yako unayowahudumia nayo watu. Ukipata kitenge kingine nitumie, dada. Safari hii nitakishona siku hiyohiyo.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Lea.